Usichome Taka, Ndizo Mboga Zako za Kesho

Ndugu msomaji, leo tunazungumza juu ya taka za nyumbani kwako. Huenda ukajiuliza: "Safu hii ni ya afya. Mambo ya taka na bustani si kazi ya bwana shamba?" Ni kweli, bwana shamba anahusika. Lakini afya haianzii zahanati. Zahanati ni mahali tunapompeleka mtu ambaye afya yake imekwisha haribika. Afya huanzia kwenye chungu, chungu hutegemea shamba, na shamba hutegemea udongo. Udongo ukiwa na njaa, mtoto naye atakuwa na njaa.

Maoni yetu ni haya. Kila nyumba yenye uwanja, hata uwanja mdogo, iwe na mahali pa kuozeshea taka, na iwe na bustani ya mboga. Anayechoma taka zinazooza anachoma chakula cha watoto wake. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo, kisha tutaeleza namna ya kufanya.

TUNACHOKIONA KISEKE

Pita asubuhi katika mitaa ya Kiseke, Wilaya ya Ilemela. Utasikia mafagio. Akina mama na watoto wanafagia uwanja. Majani ya mwembe, maganda ya viazi, maganda ya ndizi, mabua na majivu, vyote vinakusanywa pamoja. Kisha kiberiti kinawashwa, na moshi unaingia ndani ya nyumba alimolala mtoto mchanga. Nyumba nyingine haichomi. Taka zake zinatupwa kwenye mtaro. Mvua ikinyesha, maji yanazibeba kuelekea ziwani.

Saa nne asubuhi, mama yule yule anatoa fedha kununua fungu la mchicha. Siku ambayo fedha hazipo, watoto wanakula ugali na dagaa bila mboga ya majani. Siku nyingine wanakula ugali na chumvi.

Tazama basi jambo hili, ndugu msomaji. Mchicha ule uliota kwa nguvu ya mbolea. Mbolea ile ilitokana na vitu vilivyooza. Vitu vya namna hiyo ndivyo tulivyochoma asubuhi. Tumechoma mbolea, kisha tumekwenda kununua mboga.

Kiseke ya leo si ile ya zamani. Nyumba za bati zimeongezeka na mashamba yamepungua. Mtu aliyekuwa na shamba la mihogo sasa ana kiwanja tu. Huko Sangabuye, Bugogwa na Kayenze mashamba bado yapo, lakini mengi yamechoka. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote, mwenye shamba na mwenye kiwanja.

KWA NINI NI JAMBO LA AFYA

Utafiti wa afya wa taifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulipima damu za watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Katika kila watoto 100, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 45 walikuwa na upungufu huo.

Fikiri maana yake. Ukiwapanga watoto kumi wa mtaani kwako katika mstari, huenda watano au sita kati yao damu yao haitoshi. Mtoto wa namna hiyo huchoka upesi. Darasani anasinzia. Malaria ikimpata, inamwangusha kwa urahisi. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu yumo hatarini siku ya kujifungua, kwa sababu hana damu ya akiba.

Upungufu wa damu una sababu nyingi. Malaria ni mojawapo. Minyoo ya safura ni nyingine. Kichocho, ambacho sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunakifahamu sana, pia hupunguza damu. Lakini sababu moja kubwa ni chakula kisichokuwa na madini ya chuma ya kutosha. Madini hayo yamo katika nyama, maini, samaki na dagaa. Yamo pia katika maharage, kunde na mboga za majani za kijani kibichi, kama vile mchicha, matembele, mgagani, mnafu na majani ya kunde.

Mboga hizo zina faida nyingine. Zina vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Vitamini hiyo imo pia katika papai, embe, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, vinavyoitwa viazi lishe. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri jua linapozama. Asipotibiwa, anaweza kupofuka kabisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Hiyo ni karibu nusu kilo. Je, familia ya watu sita itanunua mboga na matunda kiasi hicho sokoni kila siku? Wengi hawawezi. Lakini wengi wanaweza kupata sehemu kubwa ya mboga hizo nyuma ya nyumba, kama udongo umelishwa.

UDONGO WETU UNA NJAA

Wasukuma tangu zamani wameujua udongo wao kwa majina. Kuna mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni unaonata wakati wa mvua. Kuna luseni, yaani udongo wa kichanga ulio karibu na vilima vya mawe. Wakazi wengi wa Mwanza wanaishi na kulima kwenye udongo wa kichanga.

Udongo wa kichanga ni mwepesi kulima, lakini una kasoro mbili. Kwanza, hauhifadhi maji. Ukimwagilia asubuhi, jioni umekauka. Pili, hauhifadhi chakula cha mimea. Mvua ikinyesha, chakula hicho kinazama chini mahali ambapo mizizi haifiki.

Ndiyo maana mtu anaweza kupanda mchicha kwenye uwanja wake, ukaota mwembamba, ukageuka njano, na ukatoa mbegu kabla haujafikia kimo cha goti. Naye husema, "Hapa mboga hazikubali." Mboga zinakubali. Zimekosa kula.

Dawa ya udongo wa kichanga ni vitu vilivyooza. Mboji, yaani mbolea ya taka na majani yaliyooza, hushika maji kama kitambaa kilicholowa. Hushika pia chakula cha mimea na kukitoa pole pole. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kilichoanza katika miaka ya 1930 kusini ya mji wa Mwanza, kilijaribu samadi kwa miaka mingi katika udongo wa kichanga wa Usukuma. Mavuno ya pamba yaliongezeka, na nguvu ya samadi ilionekana hata katika miaka iliyofuata.

JIRANI ZETU WA UKARA WALITUTANGULIA

Wengine husema kwamba habari za mboji ni mambo ya kigeni, yaliyoletwa na wataalamu. Hawa hawajasikia habari za Ukara.

Ukara ni kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria, kaskazini ya kisiwa cha Ukerewe, hapa hapa katika Mkoa wa Mwanza. Kisiwa hicho kina watu wengi na ardhi kidogo, na udongo wake mwingi ni wa kichanga kama wetu. Kabla wataalamu wa kikoloni hawajafika na daftari zao, Wakara walikuwa wamekwisha tambua kwamba ardhi isiyolishwa hufa.

Walifanya nini? Hawakuacha ng'ombe wazurure tu. Waliwafunga ndani na kuwakatia majani. Samadi na majani yaliyobaki yalikusanywa na kubebwa kichwani mpaka shambani. Tena walipanda marejea katikati ya uwele. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki yakikua, kisha yanalimiwa chini yaoze na kuwa mbolea. Kwa njia hiyo walilima shamba lile lile mwaka hata mwaka, wakati watu wa bara walikuwa wakihama na kufyeka pori jipya.

Watu wa bara walikuwa na nafasi ya kuhama. Wakara hawakuwa nayo, kwa sababu wamezungukwa na maji. Sasa sisi wa Kiseke tumezungukwa na nini? Tumezungukwa na nyumba. Pori la kuhamia halipo tena. Hali yetu ya leo ni hali ya Ukara ya zamani, na inatupasa tutende kama walivyotenda Wakara.

NAMNA YA KUTENGENEZA MBOJI

Kwanza, tenga taka. Tafuta ndoo mbili kuukuu. Ndoo ya kwanza ni ya vitu vinavyooza: maganda ya viazi, mihogo na ndizi, majani ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai, mabua, na majani ya uwanjani. Ndoo ya pili ni ya vitu visivyooza: plastiki, chupa, makopo, betri na nyembe. Utashangaa kuona ndoo ya kwanza inajaa upesi kuliko ya pili. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vinavyooza.

Pili, chagua mahali. Pawe na kivuli, kwa mfano chini ya mwembe. Pasiwe karibu na kisima. Weka umbali wa hatua 30 au zaidi. Pasiegemee ukuta wa nyumba, usije ukakaribisha mchwa na unyevu.

Tatu, chagua shimo au lundo. Wakati wa kiangazi, shimo ni bora kwa sababu linahifadhi unyevu. Wakati wa mvua, usichimbe shimo. Litajaa maji, taka zitanuka, na mbu watapata mahali pa kutagia. Wakati wa mvua tengeneza lundo juu ya ardhi, ulizungushie miti au matofali mabovu.

Nne, panga matabaka. Shimo liwe na urefu wa mita 1, upana wa mita 1, na kina cha sentimita 60, yaani kufika juu kidogo ya goti la mtu mzima. Anza kwa kutandika vijiti na mabua chini ili hewa ipite. Kisha weka:

1. Majani makavu au mabua yaliyokatwa katwa, unene wa shibiri moja.
2. Taka za jikoni na majani mabichi, unene wa nusu shibiri.
3. Samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, unene wa vidole vitatu. Kama huna mifugo, zidisha majani mabichi.
4. Udongo kidogo wa juu, na majivu kiganja kimoja au viwili.
5. Maji ya kulowesha, bila kufurika.

Rudia matabaka hayo mpaka shimo lijae. Funika juu kwa udongo au majani ya migomba.

Tano, chomeka fimbo ndefu katikati, ifike chini. Fimbo hiyo ndiyo kipimo chako. Baada ya siku tano hadi saba, ichomoe na uishike. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inakwenda vizuri. Ikiwa ya moto lakini kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na imelowa, hewa haipiti. Geuza taka na uongeze majani makavu.

Joto hilo linatoka wapi? Ndani ya lundo mna viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wanakula taka na kuzivunja vunja. Wakila, wanatoa joto. Lundo likitengenezwa vizuri, joto lake linaweza kuzidi digrii 55, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Kama sisi, viumbe hao wanahitaji chakula, maji na hewa. Wakinyimwa hewa wanakufa, na wengine wa aina ya kutoa harufu mbaya wanashika nafasi yao. Kwa hiyo ukisikia harufu mbaya, ujue shimo lako linakosa hewa au limezidi maji.

Sita, geuza taka baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Zilizo juu ziende chini, na za pembeni ziende katikati. Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa tayari. Utaitambua. Ina rangi nyeusi au kahawia, inavunjika mkononi, na inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Taka za nyumba moja hazijazi shimo kwa siku moja. Kwa hiyo chimba mashimo mawili. Moja linajazwa kidogo kidogo, jingine linaiva. Kila ukitupa taka za jikoni, zifunike kwa majani makavu au udongo ili nzi wasizione. Haba na haba hujaza kibaba.

VITU VYA KUTOTIA KWENYE MBOJI

Hapa safu ya afya inasema kwa mkazo. Usitie kinyesi cha binadamu wala nepi za mtoto. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kuishi katika udongo kwa miaka. Usitie mavi ya mbwa na paka. Usitie betri, kwa sababu ndani yake mna sumu. Usitie vioo na nyembe, kwa sababu utalima kwa mikono na utajikata. Usitie plastiki, kwa sababu haiozi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini mabaki ya plastiki za namna nyingine bado yamejaa katika viwanja vyetu.

Vichwa na mifupa ya samaki ni mbolea nzuri, ila vinavuta mbwa, panya na nzi. Ukivitia, vifukie chini kabisa katikati ya shimo.

Wengine huuliza kuhusu magugu maji. Mmea huu uliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba nyingi. Ni kweli magugu maji yanaweza kuozeshwa yakawa mboji. Lakini usiingie majini kuyavuna. Konokono wa kichocho hupenda kujificha katika mimea ya namna hiyo. Tena usichukue yale yaliyo karibu na mifereji ya viwanda. Taka za jikoni kwako zinatosha kuanza.

Ukimaliza kazi ya mboji, nawa mikono kwa sabuni. Vaa viatu. Ukijikata na jeraha likaingia udongo, nenda zahanati, maana pepopunda hukaa katika udongo na samadi.

KUTOKA SHIMONI MPAKA KWENYE CHUNGU

Tufanye hesabu kidogo. Shimo tulilolieleza linachukua karibu madebe 30 ya taka. Taka zikioza hupungua hadi nusu au chini ya nusu. Tuseme umepata madebe 12 ya mboji. Debe moja linatosha eneo la hatua moja kwa hatua moja. Kwa hiyo una mbolea ya kutosha matuta mawili, kila moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Mahali hapo ni padogo kuliko chumba na sebule.

Changanya mboji na udongo wa juu. Tuta la kwanza panda mchicha. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuvuna. Usipande tuta zima siku moja. Panda sehemu leo, na sehemu nyingine baada ya wiki mbili, ili mboga zisikatike. Tuta la pili panda matembele na kunde. Matembele huna haja ya kununua mbegu. Omba vipande vya marando kwa jirani. Pembeni panda mpapai mmoja au miwili. Ukipata mbegu ya viazi lishe, tafuta nafasi yake, kwa sababu utakula majani na utakula viazi.

Funika udongo kwa majani makavu ili jua lisikaushe maji. Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Maji uliyooshea mboga na mchele usiyamwage, yapeleke bustanini. Ila usiache maji yakituama katika makopo na madimbwi, maana mbu ni jirani mbaya. Kama unachota maji ziwani au kwenye dimbwi, usisimame ndani ya maji. Kichocho huingia kupitia ngozi.

Mboga zikifika jikoni, zioshe kabla ya kuzikata. Usizichemshe mpaka zipoteze rangi, wala usimwage maji yake. Tia mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uichukue. Kula pamoja na ndimu, nyanya au chungwa, kwa sababu vitu hivyo vinausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai unywe baadaye, isiwe pamoja na chakula, maana inazuia madini hayo. Mboga zikizidi, kausha kivulini uweke akiba ya kiangazi, kama bibi zetu walivyokausha majani ya kunde na kutengeneza michembe ya viazi.

TUJIBU WANAOPINGA

Wapo wanaosema: "Sina nafasi." Ndugu, gunia moja kuukuu lina nafasi. Lijaze udongo uliochanganywa na mboji, litoboe matundu pembeni, panda mboga juu na katika matundu. Mpangaji akihama anapanda tena.

Wapo wanaosema: "Mbolea ya dukani ni ya haraka zaidi." Ni kweli, ni ya haraka. Hatuipingi. Lakini ukiitia katika mchanga mtupu, mvua inaondoka nayo, na fedha zako zinaishia ziwani kulisha magugu maji. Mwenye kununua mbolea ya dukani ndiye anayehitaji mboji kuliko wote, ili mbolea yake ishikwe.

Wapo wanaosema: "Majivu nayo ni mbolea, basi kuchoma si vibaya." Majivu yana faida kidogo. Lakini ukichoma majani, sehemu kubwa ya chakula kinachokuza majani ya mboga hupotea hewani pamoja na moshi. Tena majivu hayashiki maji. Tumia majivu ya jikoni ambayo yapo tayari. Usiongeze mengine kwa kuchoma uwanja.

Na wapo akina baba wanaosema: "Mboga ni kazi ya wanawake." Hawa ndio tunaozungumza nao kwa nguvu zaidi. Mama anaamka kabla ya jogoo. Anachota maji, anapika, anafagia, anakwenda shamba au sokoni, anarudi na kupika tena. Ukimwongezea shimo na bustani peke yake, shimo litabaki tupu na bustani itakauka. Kuchimba shimo ni kazi ya jembe na nguvu. Kugeuza taka ni kazi ya nguvu. Baba, upungufu wa damu wa mtoto wako ni wa kwako pia. Watoto wakubwa nao wanaweza kutenga taka na kumwagilia, na watajifunza jambo litakalowafaa maisha yao yote.

TUANZE LINI?

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Watu wale wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Hawakungoja fedha wala mtaalamu kutoka mbali. Walitumia jembe walilokuwa nalo.

Sisi leo tuna faida kuliko wao. Tunajua mengi zaidi, na barabara na simu zipo. Tunachohitaji ni kuacha kiberiti kesho asubuhi na kushika jembe. Kama unahitaji msaada, mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Kama una mtoto aliyepauka, mwenye kuchoka ovyo, mpeleke zahanati apimwe damu. Usingoje mchicha uote.

Halafu mwonyeshe jirani shimo lako. Nyumba moja ikiacha kuchoma taka, moshi wa jirani bado utaingia dirishani. Mtaa mzima ukiacha, watoto wote watapumua vizuri na mitaro itabaki wazi mvua zitakapokuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako taka zinapelekwa wapi sasa? Kati ya ndoo kumi za taka, ngapi ni za vitu vinavyooza?
2. Familia yako hutumia fedha kiasi gani kwa wiki kununua mboga? Fedha hizo zingefanya kazi gani nyingine?
3. Wazee wa mtaa wenu walirutubishaje mashamba zamani? Ni jambo gani kati ya hayo tunaweza kulirudisha?
4. Katika nyumba yenu, nani atachimba shimo, nani atatenga taka, na nani atamwagilia? Taja majina, na taja siku ya kuanza.